Manguredjipa: Roboti haihitaji mega ili itembee

Vijana wengi huacha mradi wa roboti kwa kukosa intaneti. Lakini kigari kinachoongozwa kwa simu hakitumii intaneti hata kidogo. Kinachokisimamisha mara nyingi ni betri, kebo mbovu na simu yenyewe.

MANGUREDJIPA – Ukitoka Butembo kuelekea magharibi, karibu kilometa 100 za barabara ya udongo, unafika Manguredjipa, makao makuu ya sekta ya Bapere katika wilaya ya Lubero, Kivu Kaskazini. Ni nchi ya msitu na dhahabu. Mvua ikichachamaa, lori hulala njiani na pikipiki ndiyo hupita. Karibu kila kitu cha dukani, kuanzia chumvi hadi chaja ya simu, kimefika kwa njia hiyo.

Katika mazingira hayo, kijana akisema anataka kutengeneza kigari chenye mota mbili na kukiongoza kwa simu yake, jibu analolitarajia ni moja: hiyo ni kazi ya watu wa mjini, huku mtandao ni wa kubahatisha na mega ni ghali. Wengi huishia hapo. Bodi ya elektroniki inabaki kwenye droo, ikisubiri siku mnara wa simu utakapojengwa karibu.

Inasubiri bure. Roboti ya namna hiyo haihitaji mnara, haihitaji mega, wala haihitaji laini ya simu. Inahitaji waifai, na waifai si intaneti. Kuchanganya vitu hivi viwili ndiko kunakoua miradi mingi kabla haijaanza, na si Manguredjipa peke yake.

Mfano ni barabara na soko. Waifai ni barabara fupi kati ya vifaa viwili. Intaneti ni soko kubwa lililoko mwisho wa barabara nyingine ndefu. Soko la Butembo likifungwa, jirani wa Njiapanda bado huenda kwa jirani yake kuomba moto. Vivyo hivyo, simu na roboti zilizo katika uwanja mmoja huzungumza zenyewe, hata kama nchi nzima haina intaneti.

Na nchi nzima iliwahi kukosa. Kuanzia Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa karibu siku 20. Watu wa Beni na Butembo, ambao kura yao ilikuwa imeahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, walibaki gizani pamoja na wengine. WhatsApp ilinyamaza. Lakini ruta iliyokuwa ukutani iliendelea kurusha mawimbi yake kama kawaida, na kompyuta mbili katika chumba kimoja zingeweza kupeana mafaili bila shida. Kilichokatwa ni soko, wala si barabara ya mtaani.

Kongo yenyewe ina historia katika jambo hili. Mwaka 2013, wakazi wa Kinshasa walianza kuona roboti kubwa za alumini zikiongoza magari katika makutano ya barabara. Zilibuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake wa shirika la Women's Technology. Mwaka 2015 ziliongezwa nyingine tatu, zikapewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Zilitumia nguvu ya jua na zilikuwa na kamera za kutuma picha za barabarani. Bei iliyotajwa wakati huo ilikuwa kama dola 27,500 kwa kila moja. Kigari kinachozungumziwa hapa hakifiki hata sehemu ndogo ya fedha hizo, lakini swali la msingi ni lile lile ambalo wahandisi wa Kinshasa walipaswa kulijibu: amri na picha zitasafiri vipi hewani bila kupotea?

Bodi moja, antena ndani yake

Siku hizi jibu la bei nafuu ni bodi ndogo iitwayo ESP32, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai. Kaka yake mkubwa, ESP8266, alianza kuuzwa mwaka 2014, na ESP32 ikafuata mwaka 2016. Kabla ya hapo, mtu aliyekuwa na bodi ya Arduino alilazimika kununua kipande kingine cha waifai na kukiunga kwa nyaya. Bodi hizi zimeunganisha vyote mahali pamoja: kichakataji, kumbukumbu na antena iliyochorwa pembeni, ile mistari ya dhahabu inayojikunja kama nyoka.

Bidhaa za namna hii hufika mashariki mwa Kongo kwa njia wanayoijua sana wafanyabiashara wa Butembo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakinunua Dubai na Guangzhou na kupokea mizigo yao kupitia bandari ya Mombasa, kisha Uganda, kisha mpaka wa Kasindi. Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa, ama la kusikitisha. Bati la kulehemu nyaya za bodi hizo huchimbwa pia Bisie, wilayani Walikale, katika jimbo hili hili, na tantali ya kutengenezea kapasita hutoka Kivu. Madini yanaondoka kwa lori, yanarudi yakiwa ndani ya pakiti ndogo ya plastiki yenye maandishi ya Kichina.

Kiwiliwili cha roboti hakina masharti. Watoto wa Kivu, waliozoea kuunda magari ya waya na kuteremka milima kwa chukudu za mbao, hawahitaji kufundishwa namna ya kupata magurudumu. Kipande cha bidoni la mafuta, mbao nyepesi, vifuniko vya chupa: vyote vinafaa. Ugumu uko kwenye mambo matatu yasiyoonekana kwa macho, yaani programu, mtandao na umeme.

Kazi ya mjini, kazi ya kijijini

Kuna hatua moja tu katika mradi huu inayotaka intaneti ya kweli, na inafaa ifanyike Butembo au Beni kabla ya kupanda pikipiki. Ni kupakua programu ya Arduino kwenye kompyuta, pamoja na kifurushi cha bodi za ESP32. Kifurushi hicho ni kizito, mamia ya megabaiti, na kukipakua kwa mega za simu ni kuchoma pesa. Anayejua huenda kwa rafiki ambaye tayari anacho, ananakili kwenye fleshi folda iitwayo Arduino15 pamoja na programu yenyewe, na kuibandika kwenye kompyuta yake mahali pale pale. Kazi imekwisha bila senti moja ya intaneti.

Mtego wa pili uko hapo hapo mezani. Bodi inachomekwa kwenye kompyuta, taa inawaka, lakini kompyuta inasema haioni kitu. Mtu anaanza kulaumu bodi, anamlaumu muuzaji, anaifuta programu na kuiweka upya. Kumbe kebo ni ya kuchaji tu. Kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya mbili za umeme na hazina zile mbili nyingine za kupitisha data. Kebo iliyokuja na simu nzuri kwa kawaida hutatua tatizo hilo kwa dakika moja. Kukiwa bado kimya, kinachokosekana mara nyingi ni programu ndogo ya kuitambulisha bodi, iitwayo CH340 au CP2102 kulingana na kipande kilichotumika. Nayo ni ya kubebwa kwenye fleshi kutoka mjini.

Baada ya hapo, Manguredjipa haina upungufu wowote kuliko Nairobi.

Roboti yenyewe ndiyo inakuwa mnara

Bodi ya ESP32 inaweza kuingia kwenye waifai kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuwa mgeni: kuna ruta au simu inayogawa mtandao, na roboti inaomba kuingia kwa jina na nenosiri. Ya pili ni kuwa mwenyeji: roboti inaanzisha mtandao wake, inaupa jina, na simu ndiyo inayoingia kama mgeni.

Mafunzo mengi yaliyoko kwenye video yanafuata namna ya kwanza, kwa sababu yanatengenezwa na watu ambao nyumba zao zina ruta. Kwa mtu wa Bapere, namna ya pili ndiyo sahihi. Haina ruta ya kuzimika jenereta inapozimwa. Haina mtu wa tatu. Kigari kikiwashwa porini, mtandao wake unawaka nacho.

Kwenye programu, jambo hili ni mistari michache. Jina la mtandao linaandikwa, na nenosiri lenye herufi zisizopungua nane. Zikiwa saba, mtandao haufunguki ipasavyo, na wanaoanza hupoteza mchana mzima hapo. Simu ikishaingia, kivinjari kinafunguliwa na kuandikwa anwani 192.168.4.1, ambayo ndiyo bodi hizi hujipa zenyewe kama hazikuambiwa vinginevyo. Ukurasa wenye vitufe vinne unatokea: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ukurasa huo hautoki kwenye intaneti. Umehifadhiwa ndani ya bodi, na roboti ndiyo inayoutuma.

Hapo kuna kosa jingine la kimya. Mtu ananakili ukurasa mzuri wenye rangi na alama za kupendeza, bila kujua kwamba alama hizo zinavutwa kutoka kwenye tovuti ya mbali kila ukurasa unapofunguliwa. Butembo, penye mega, unafunguka. Manguredjipa unabaki mweupe, ukizunguka zunguka. Kila kitu kinachotumika kwenye ukurasa lazima kiwe ndani ya bodi. Vitufe vibaya vinavyofanya kazi ni bora kuliko vizuri vinavyosubiri seva ya California.

Simu nayo ina ukaidi wake. Simu nyingi za Android zikiingia kwenye waifai isiyo na intaneti hulalamika, halafu zinaukimbia mtandao huo polepole na kurudi kwenye data ya laini. Dereva anabonyeza mbele, roboti haisikii, kwa sababu amri imeelekezwa kwenye laini ya simu. Dawa ni kuzima data ya simu kabla ya kuanza, na ujumbe ukija wa kuuliza kama ubaki kwenye mtandao huu usio na intaneti, ni kukubali.

Anayeamua kutumia simu ya pili kama mgawaji wa mtandao akumbuke kwamba bodi hizi za kawaida zinaona mawimbi ya gigahetsi 2.4 peke yake. Simu mpya hupenda kugawa kwa gigahetsi 5. Majina yanafanana, nenosiri ni sahihi, lakini roboti haioni kitu. Kwenye mipangilio ya simu kuna mahali pa kuchagua 2.4. Aidha, herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja: Kigari na kigari ni mitandao miwili.

Wenye uwezo zaidi hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyoanza kuuzwa Februari 2012, hasa wanapotaka kamera. Nayo inaweza kuwa mwenyeji wa mtandao wake. Ila ina sharti ambalo huwakwaza wengi: redio ya waifai inaweza kubaki imefungwa mpaka iambiwe iko nchi gani, kwa kuwa kila nchi ina kanuni zake za mawimbi. Kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo herufi ni CD. Anayeandika CG amejipeleka Brazzaville.

Anayechagua njia ya mawimbi, yaani chaneli, achukue 1, 6 au 11. Hizo tatu hazigongani. Chaneli 13 inaruhusiwa katika nchi nyingi, lakini simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kushindwa kuiona kabisa.

Inapozimika kila inapotaka kutembea

Hili ndilo lalamiko linalorudi kuliko yote, na wengi huliweka kwenye mtandao ilhali mtandao hauhusiki. Roboti inawashwa, waifai inaonekana, simu inaingia. Kitufe cha mbele kinabonyezwa. Magurudumu yanashtuka, mtandao unapotea, na baada ya sekunde chache unarudi kama vile hakuna kilichotokea. Mtu anabadilisha nenosiri, anabadilisha chaneli, anasogea karibu. Hakuna mabadiliko.

Ni njaa ya umeme. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kwa mpigo mmoja. Bodi ya ESP32 nayo, inaporusha mawimbi, huhitaji miliampea mia kadhaa kwa muda mfupi. Vyote viwili vikinyonya kwenye betri moja dhaifu, volti zinaanguka, na bodi, ambayo inaishi kwa volti 3.3, inajizima na kujiwasha upya. Kompyuta ikiwa imechomekwa, bodi huandika yenyewe kwamba umeme umeshuka. Ile betri ya mraba ya volti 9, inayopendwa kwa sababu ni rahisi kupatikana, ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa redio ndogo na vipima moshi, wala si mota.

Betri inayofaa ni ile ya duara iitwayo 18650. Jina ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Zimo ndani ya betri za kompyuta zilizokufa, na katika kompyuta iliyotupwa mara nyingi seli moja au mbili tu ndizo zilizooza. Kila seli ni volti 3.7, na ikijaa ni 4.2. Mbili zikifuatana zinatosha kigari kidogo. Zinataka heshima lakini: zikigusana ncha kwa ncha kwa waya, zinawaka moto, na zisichajiwe kwa kuunganishwa moja kwa moja na paneli ya jua. Chaja ndogo maalumu ya betri za lithiamu ni ya lazima.

Jambo la pili ni kutenganisha chakula cha mota na chakula cha bodi. Betri moja kwa mota, benki ya umeme ya simu kwa bodi, na waya wa hasi wa pande zote mbili uungane. Waya huo ukisahaulika, bodi inatoa amri na mota haielewi. Anayetumia kipande cha L298N kuendesha mota ajue kwamba kinakula karibu volti mbili kabla mota haijapata chochote, na kinageuka jiko. Kapasita kubwa kwenye njia ya umeme ya bodi nayo husaidia kupitisha ile mishtuko.

Msitu ni ukuta wa maji

Waifai ilisanifiwa kwa nyumba na ofisi. Kanuni zake za kwanza zilitoka mwaka 1997. Katika uwanja wa mpira, kigari kinaweza kuitika kwa mita makumi kadhaa, pengine kufikia mia. Chini ya miti ya Bapere hesabu inabadilika. Mawimbi ya gigahetsi 2.4 yana urefu wa sentimeta 12 na nusu tu, na maji huyanyonya. Jani bichi ni maji. Mwili wa mtu ni maji. Baada ya mvua, umbali uliofanya kazi asubuhi haufanyi kazi mchana.

Kuna mambo madogo yanayookoa mita nyingi. Bodi iwekwe juu ya kigari, isiwe chini kati ya betri na mota. Ile ncha yenye mistari itokeze nje, isigusane na bati wala waya. Sanduku la kopo la maziwa linapendeza, lakini ni chuma, na chuma huzima sauti ya antena. Plastiki haina shida. Anayeshika simu aiweke juu, asiiweke mfukoni. Na asijidanganye na hesabu: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayofika ni robo, hata mahali pasipo na mti.

Wanaohitaji zaidi ya hapo huacha simu na kutumia bodi mbili za ESP, moja mkononi na nyingine kwenye kigari, zikizungumza kwa lugha yao iitwayo ESP-NOW. Ujumbe wake ni mfupi, hauzidi baiti 250 katika toleo la kawaida, lakini neno mbele halihitaji zaidi. Hakuna kuingia, hakuna nenosiri la kuandika upya kila mara, na amri inafika haraka.

Kwa nini inafaa kuhangaika

Mtu anaweza kuuliza: katika sekta ambayo watu wamekimbia mashamba yao kwa sababu ya mashambulizi ya ADF, kigari cha mota mbili ni cha nini?

Sehemu ya jibu iko katika kumbukumbu ya Ebola. Mlipuko uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020 uliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, na Manguredjipa ilikuwa miongoni mwa kanda za afya zilizoandikisha wagonjwa. Wakati huo, huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu viitwavyo CUBE, ambamo muuguzi alimhudumia mgonjwa kutoka nje kwa mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani, na familia ikamwona mtu wao uso kwa uso. Wazo lilikuwa moja: kupunguza mara ambazo mtu mzima lazima aingie kwa mgonjwa. Mei 2020, nchi jirani ya Rwanda ilipeleka wazo hilo mbele zaidi kwa kuleta roboti tano za kuhudumia vituo vya COVID-19, zikiwa na majina kama Akazuba, Ikizere na Urumuri. Zilipima joto na kupeleka ujumbe kati ya mgonjwa na daktari.

Kigari cha bidoni si Akazuba. Lakini kinaweza kubeba sahani ya dawa na chupa ya maji mita 20 na kurudi, na aliyekitengeneza anaweza kukirekebisha hapo hapo, bila kusubiri fundi kutoka Ubelgiji zilikotengenezwa zile za Kigali. Zaidi ya hapo, kijana aliyejua kwa nini mtandao wa kigari chake hukatika ndiye huyo huyo atakayejua kwa nini friji ya chanjo ya kituo cha afya haiwaki, au kwa nini inveta ya redio ya mtaa inazimika kila jioni. Elimu ya njaa ya umeme haichagui kifaa.

Lakini kuna jambo ambalo mafunzo ya ng'ambo hayalitaji kabisa, nalo katika eneo hili lina uzito kuliko volti. Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021. Juni 27 mwaka huo, bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki mjini Beni. Siku ya Krismasi, mgahawa wa mji huo huo ukashambuliwa na mtu wa kujitoa mhanga. Januari 15, 2023, ikawa zamu ya kanisa la Kasindi. Baada ya hayo, sanduku lenye nyaya, betri na taa inayowaka na kuzima si mchezo machoni pa askari wa kizuizini, wala machoni pa mama anayeuza mihogo sokoni. Hofu yao si ujinga.

Kwa hiyo kazi hii inaanzia kwa mkubwa wa mtaa na mwalimu wa shule, kabla ya kulehemu waya wa kwanza. Waonyeshwe, washike, wakiendeshe wenyewe. Kigari kikifanyiwa majaribio katika uwanja wa shule mchana, mbele ya watu, kinakuwa cha kijiji. Sanduku la plastiki angavu linafaa kuliko jeusi. Kwenye safari, betri zichomolewe na vipande vifungwe mbalimbali, na kisiachwe peke yake barabarani hata dakika tano. Hata jina la mtandao lina maana: mtu akifungua simu yake na kuona waifai ngeni isiyojulikana ana haki ya kushtuka. Jina la shule linatosha.

Kuhusu intaneti yenyewe, mambo nayo yanasogea. Mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano, ARPTC, ilipiga marufuku Starlink Machi 2024, na ikaipa leseni Mei 2025. Sahani ya namna hiyo ikifika Manguredjipa, roboti itaweza kuamriwa kutoka Butembo, hata kutoka Guangzhou. Itakuwa pia wazi kwa yeyote anayejua kubahatisha nenosiri la herufi nane lililoandikwa 12345678. Leo, kigari kilicho na mtandao wake peke yake kinaweza kuibiwa amri na mtu aliye ndani ya uwanja tu, na huyo anaonekana.

Linabaki jaribio ambalo halipaswi kurukwa, hata kama kila kitu kinafanya kazi. Kigari kinawekwa juu ya bidoni, magurudumu yakiwa hewani. Kinaamriwa kwenda mbele. Magurudumu yakizunguka, simu inazimwa ghafla. Programu nyingi za wanaoanza zinakumbuka amri ya mwisho tu, kwa hiyo magurudumu yataendelea kuzunguka mpaka betri iishe. Chini ya ardhi kingekuwa kimekwisha kuingia mtoni au kwenye sufuria ya mtu. Mistari mitatu inaongezwa: kama nusu sekunde imepita bila amri mpya, simamisha mota zote mbili. Na ukurasa wa vitufe unabadilishwa ili, kidole kikiwa kimebonyeza, amri itumwe tena na tena badala ya mara moja. Programu inapakiwa upya, kigari kinarudishwa juu ya bidoni, na simu inazimwa kwa mara ya pili.